Kompyuta Iliyokaa Matanga

Sogea karibu, mwenzangu, uketi vizuri. Chai ingali inatoa moshi, na habari za Wakesho si za kusikilizwa ukiwa umesimama.

Wakesho ni nyanya wa watu. Anakaa Mraru, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, na ukikutana naye njiani hakuulizi umeamkaje kabla hajakutegea kitendawili. Vingine alivirithi kwa mamake, vingine alijitungia. Mwaka ule alikuwa na kimoja alichokipenda kama mtu anavyopenda leso mpya.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mlinzi hali, halali, hana miguu wala meno, na ndovu wanamkimbia."

Watu wakisema mbwa, anakataa. Wakisema moto, anakataa. Wakishindwa anadai apewe mji. Alikwisha kupewa Wundanyi, akapewa Mombasa, hata Nairobi yote na magari yake. Baada ya kuimiliki miji hiyo ndipo alipokuwa akifunua pazia la sebuleni na kuwaonyesha mlinzi mwenyewe, ametulia juu ya meza, amefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Ilikuwa kompyuta.

Ilikuwa kompyuta kuukuu, sanduku jeusi lenye mkwaruzo ubavuni. Waya zake zilitoka dirishani zikaenda hadi mwisho wa mashamba, upande wa laga, ule mto mkavu, kule ndovu wanakotokea. Huko kulikuwa na nguzo mbili zenye kamera, na moja ilikuwa na spika. Kamera ikiona ndovu, kompyuta iliiambia spika ilie kama nyuki, mzinga mzima uliokasirishwa. Saa hiyohiyo simu za kikundi chote cha wakulima wa hapo zililia, watu wakatoka na tochi na madebe. Ndovu, na ukubwa wake wote ule, hataki nyuki wamwingie puani. Anageuka.

Aliyeitengeneza ni Geoffrey, kijana wa hapohapo Mraru aliyesomea mambo ya kompyuta. Misimu miwili aliifundisha kuwajua ndovu. Mwanzoni ilikuwa haina adabu. Ililia kwa ng'ombe wa watu, ikalia kwa lori la mchanga, na Jumapili moja ikamlilia mchungaji, mtu mnene wa watu, akipita na mwavuli wake wa kijivu. Mchungaji hakucheka. Lakini ilijifunza, na msimu huo ilikuwa haikosei tena. Ikilia, ni ndovu.

Iliwekwa kwa Wakesho kwa sababu mwanawe Bonface alikuwa amemwekea sola kubwa juu ya bati. Geoffrey alipopata kazi ya minara ya simu huko kaskazini, alimuaga kwa maneno machache.

"Nyanya, wewe ipanguse vumbi tu. Mengine iachie yenyewe."

Wakesho akaipangusa kila asubuhi kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Basi Obadiah akafa.

Obadiah alikuwa shemejiye Wakesho, mdogo wa marehemu mumewe. Walikaa boma moja, mlango ukiutazama mlango. Alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali, akarudi akiwa amelala. Alimwacha mkewe Phoebe na watoto wadogo, na akaacha shamba la mahindi yaliyokuwa yameanza kukauka majani, mahindi marefu yaliyopandwa kwa mkono wake mwenyewe mvua ilipoanguka. Shamba hilo na la Wakesho yalikuwa yamepakana, na kikundi kilikuwa kimeahidi kuja Jumamosi kuvuna yote mawili. Phoebe hakuwa na chakula kingine cha mwaka. Kunde zilikuwa zimeliwa na wadudu, na ndengu zilikuwa za kujaza kikapu kimoja.

Siku za matanga, katika boma lile, redio hazifunguliwi. Ndivyo walivyolelewa. Mtu amelala ndani, hujui ni wimbo gani utatoka kwenye kisanduku ukamcheka. Wakesho akazima redio yake. Akamwendea jirani mwenye muziki wa simu, akamwambia kwa upole aitie mfukoni. Kisha akarudi sebuleni akamtazama mlinzi wake.

Je, kama ingelia? Mchungaji amesimama kaburini, watu wameinamisha vichwa, halafu nyuki waanze kuvuma na simu zote ziitikie? Phoebe angejisikiaje? Hakumuuliza mtu. Hakujua kitufe cha kuzima ni kipi, kwa hivyo akaishika ile waya nene, akaichomoa ukutani. Taa ndogo ya kijani ikafifia. Wakesho akaifunika kompyuta kwa leso, akaipigapiga mgongoni.

"Na wewe umefiwa," akaiambia. "Kaa nasi."

Siku zile ndovu hawakuja. Wangepitia wapi? Boma lilikuwa limejaa watu, moto mkubwa, nyimbo, magari yakiingia na kutoka. Obadiah akazikwa nyuma ya nyumba yake. Watu wakala, wakanawa mikono, wakaondoka mmoja mmoja mpaka pakabaki majivu na viti vya kukodi.

Asubuhi iliyofuata Wakesho akaondoa leso, akarudisha waya ukutani. Kompyuta ikavuta pumzi, feni ikazunguka, naye akatabasamu. Kisha kioo kikawa cheusi, pakatokea maandishi meupe ya Kiingereza, mstari juu ya mstari. Wakesho aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma vibao vya barabarani. Aliona tu kwamba maandishi yalifika mahali yakasimama, na mwishoni kilibaki kialama kidogo kikiwaka na kuzimika, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe.

Akaichomoa, akairudisha. Ikauliza swali lilelile.

Akampigia Geoffrey. Mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga hadi akaichoka sauti ya yule dada wa simu. Mwishowe akavuka ua hadi kwa Phoebe, aliyekuwa ameketi sakafuni amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Mjane wa siku chache hatoki nje ya ua.

"Phoebe, mdogo wangu, mlinzi hajaamka."

"Hajaamka vipi?"

"Anaandika maneno halafu ananyamaza."

Phoebe akatazama mlangoni, kule mahindi yalikokuwa yakitikisa majani kwa upepo. "Mama Bonface, jana wakati wa kulala niliwasikia. Wako upande wa pili wa laga. Mtoto wao mmoja alikuwa akilia kama tarumbeta."

"Usiniambie."

"Mimi nakuambia nilichosikia. Watu wameondoka, moto umezimika, wao wana masikio kutushinda." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Yale ndiyo ya mwisho aliyoyapanda."

Wakesho akarudi kwake mbio. Akamwita Mutiso, dereva wa bodaboda, akaifunga kompyuta kwa leso mbili, akaipakata mpaka Voi.

Fundi Ngui ana kibanda nyuma ya soko, kimejaa simu zilizovunjika vioo na kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Ni kijana wa Kikamba mwenye mdomo usiokauka.

"Karibu, nyanya! Umeniletea mtoto amevikwa leso. Wa kike ama wa kiume?"

"Mlinzi. Mwamshe."

Ngui akaunganisha waya, akasoma maandishi, akakuna shingo. "Hii ni Linux. Si ile kitu watu wengi hutumia. Inasema haioni diski yake. Sasa diski ndiyo akili, nyanya. Kila kitu kiko huko. Hii imekufa."

Neno hilo Wakesho alikuwa amelisikia mara nyingi mno wiki ile. Akakaa kwenye kreti la soda.

Lakini Ngui hakuwa mtu wa kusema tu. Akafungua sanduku, mavumbi mekundu yakatoka, akaing'oa diski na kuiunganisha na laputopu yake. Akainamia kioo. "Heh! Diski ni mzima. Angalia, picha za ndovu zimejaa. Huyu ni ndovu, huyu ni ndovu, huyu..." Akasogeza uso. "Huyu ni mtu na mwavuli?"

"Muache huyo. Kama ni nzima, mbona haionekani?"

"Hapo ndipo sijui." Akairudisha diski mahali pake, akajaribu waya nyingine, akajaribu tundu lingine. Maandishi yakawa yaleyale, yakakomea palepale. "Nyanya, nikuwekee Windows. Itaamka ikiwa mpya kabisa."

"Na itawajua ndovu?"

"Aa, hapana. Hayo yatafutika."

"Basi usifute, mjukuu wangu. Nakuomba. Ilimchukua Geoffrey misimu miwili."

Ngui akashusha mikono. Wakatazamana, na kile kialama cheupe kikiwaka na kuzimika kati yao.

"Kitendawili," akasema Wakesho.

"Nyanya, saa hizi?"

"Nimesema kitendawili."

"Haya, tega."

"Mwenye nyumba yumo ndani, yu mzima, anasikia. Mgeni anabisha, anabisha, haonani naye."

Ngui akafikiri kwa dhati. "Nimeshindwa. Chukua Mtito."

"Mtito nilishapewa."

"Chukua Kitui basi, kwa mamangu. Jibu ni nini?"

"Mimi nitajuaje?" akasema Wakesho. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hapo Ngui hakucheka. Akamnunulia soda, akaendelea na simu za wateja wengine huku akirudi kila mara kuitazama ile kompyuta, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Jua likapanda likakaa juu ya bati. Treni ya Mombasa ikapiga honi upande wa stesheni. Wakesho aliishika simu yake kwa mikono miwili na kuihimiza ilie.

Ikalia mchana ukiwa umeshageuka.

"Nyanya! Nimeona umepiga sana. Niko juu ya mlima, mtandao huku ni wa kuokota. Pole kwa Mzee Obadiah, nimesikia..."

"Geoffrey, usinipe pole sasa. Mlinzi haoni diski."

Ngui akaichukua simu, akaiweka sauti juu. Wakazungumza wao kwa wao, haraka, mmoja akikatika na mwingine akirudia. Wakesho aliokota maneno kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika.

"Diski umeipima? Nzima? Sawa," akasema Geoffrey. "Basi shida ni kontrola. Nyanya, unanisikia? Ndani kuna ile bodi kubwa ya kijani. Kwenye bodi kuna kichipu kinachokaa katikati ya kompyuta na diski. Kama bawabu. Linux haiongei na diski moja kwa moja, inapitia kwa bawabu. Na kila bawabu ana dereva wake, programu inayojua lugha yake."

"Sasa muulizeni bawabu jina," akasema Wakesho.

"Ndiyo hivyo hasa! Ngui, una flashi yenye Linux?"

Ngui alikuwa nayo, ya kuokolea kompyuta za watu. Akaichomeka, kompyuta ikaamka kwa akili ya kuazima. Geoffrey akamsomea herufi: el, es, pi, si, ai. Ngui akabonyeza. Ikatoka orodha ya vitu vyote vilivyokaa kwenye ile bodi.

"Ya diski inasemaje?"

"Inasema IDE," akajibu Ngui.

Geoffrey akamtaka arudie. "Haiwezekani. Mimi niliiweka AHCI. Ndiyo lugha niliyoifundisha Linux, hiyo peke yake, ili iamke haraka. Hiyo IDE ni ya zamani. Nani ameingia kwenye setingi?"

"Hakuna aliyegusa," akasema Wakesho. "Ni mimi na kitambaa changu cha vumbi."

"Ilizimika? Sola ilikatika?"

"Sola ni nzima." Akasogea karibu na simu. "Niliichomoa mimi. Boma lilikuwa na maiti, mwanangu. Niliizima kama nilivyoizima redio."

Upepo ulisikika kwenye simu, upepo wa huko mlimani kwa Geoffrey.

"Nyanya," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya hasira; ya hasira ingekuwa afadhali. "Kwenye bodi kuna kibetri kidogo, duara kama kitufe cha koti. Hicho ndicho kinachoikumbusha bodi mambo stima ikikosekana. Kilikufa zamani. Nilijua, nikasema nitakibadilisha nikirudi, maana haizimwi. Sasa ulipoichomoa ikasahau kila kitu. Ikarudi vile ilivyotoka kiwandani."

Wakesho akatazama chini, kwenye miguu yake yenye vumbi. Alikuwa amedhani anamfunika leso mwenziwe katika msiba. Kumbe alipoipigapiga mgongoni, ilikuwa imeshapotelewa na fahamu zake.

"Kibetri hicho nimemaliza," akasema Ngui, akipekuapekua droo. "Na jirani hapa hana, nilimchukulia cha mwisho juzi."

"Hata usijali," akasema Geoffrey. "Tusiitegemee tena kumbukumbu ya bodi. Tuifundishe Linux lugha zote mbili. Yule dereva wa pili yumo kwenye diski, ila hayumo kwenye kibegi."

"Kibegi gani tena?" akauliza Wakesho.

"Linux ikiamka hubeba kibegi kidogo chenye vitu vya kuanzia. Dereva wa bawabu lazima awe kwenye kibegi. Akiwa kwenye diski tu, haifai, kwa sababu huwezi kufika kwenye diski bila yeye."

Wakesho akainua kichwa. "Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba."

"Nyanya, ulipaswa kuwa mwalimu wangu wa chuo."

Ngui akaanza kuandika alivyoambiwa, herufi kwa herufi. Akafungua mlango wa diski kwa kupitia ile flashi, akaingia, akafika kwenye faili lenye majina ya madereva wa kibegi. Alikuwa anaandika jina la yule wa pili, mdomo wake ukilitamka kama sala, ndipo stima ikapotea.

Ikapotea soko zima. Mashine ya kusaga posho upande wa pili ikashuka sauti polepole hadi ikanyamaza. Mtu akasema "Aaaa!" na mwingine akacheka. Na simu nayo ikawa imekatika, kwani mtandao wa kuokota ulikuwa umemponyoka Geoffrey.

"Inarudi tu," akasema Ngui. "Ikienda hivi, huwa inarudi."

"Saa ngapi?"

"Hiyo sasa mimi si mwenyewe."

Akatoka kutafuta jenereta. Kinyozi alikuwa nayo ila ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Mwenye duka la nyama alikuwa nayo, lakini friji yake ilikuwa inaitegemea. Akarudi mikono mitupu, akakaa chini karibu na Wakesho. Wakakaa hivyo. Kivuli cha kibanda kilitoka mlangoni, kikatambaa, kikavuka mtaro, kikaanza kupanda ukuta wa choo cha soko. Wakesho alikitazama kikienda, na kila kilipoongeza hatua alijua nyumbani kivuli cha mlima nacho kinaongeza yake. Angetaka kuomba Mungu, lakini alikuwa ameomba sana wiki ile na majibu aliyapata. Akatia mkono chini ya leso, akaishika ile kompyuta ubavuni. Ilikuwa imepoa.

Stima ilirudi bila kupiga hodi. Posho ikaanza kunguruma. Ngui akaruka kama aliyechomwa, akarudia kila kitu kutoka mwanzo, safari hii peke yake, akikumbuka sauti ya Geoffrey. Aliandika jina la dereva. Akaiambia Linux ipange kibegi upya. Maandishi yakatembea taratibu kama mzee anayepanda kilima. Kisha akachomoa flashi, akaiwasha kompyuta kwa akili yake yenyewe.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe. Yakafika palepale yalipokuwa yakikwama asubuhi, Wakesho akafumba macho.

"Nyanya, fumbua!"

Yalikuwa yamepita. Yalikuwa yanateremka mbio, na mwishoni ikatokea ile picha aliyoizoea, yenye madirisha mawili ya kamera. Yalikuwa meusi, maana kamera zilikuwa Mraru.

Ngui akacheza pale kwenye kibanda, na fundi wa viatu wa mlango wa pili akamuuliza kama ameokoka. Wakesho alitaka kucheka. Alitazama nje akaona jua limeshakuwa jekundu.

"Nipe leso zangu," akasema.

Mutiso aliendesha kama alivyoombwa. Waliupita mji, wakayapita mashamba ya mkonge, upepo ukimpiga Wakesho usoni na sanduku likimchoma mapajani. Karibu na Mraru magari yalikuwa yamesimama, foleni ndefu, taa za nyuma zinawaka. Mutiso akapenya kando hadi mbele, kisha naye akazima pikipiki.

Ndovu walikuwa wanavuka barabara.

Walivuka bila haraka, wakubwa kwanza, miili yao mekundu kwa udongo wa Tsavo, watoto wakiwa katikati. Watalii walikuwa wamesimama ndani ya gari lao lililofunguliwa paa wakipiga picha. Mtu mmoja alikuwa akisema kwa Kiingereza kwamba ni wazuri. Na walikuwa wazuri, Wakesho hakukataa. Walikuwa wanashuka upande wa laga.

"Mutiso, pita."

"Nyanya, hawa hawapigiwi honi. Tungoje."

"Wanakwenda kwangu."

"Ninaona." Mutiso alikuwa amevua kofia yake ya pikipiki kama mtu aliye mbele ya jeneza. "Tungoje tu."

Akampigia Phoebe. Simu ilipokelewa mara moja, na kabla hajasema neno alisikia madebe yanapigwa kwa mbali.

"Mama Bonface, hao wengine wameshaingia," akasema Phoebe. "Uko wapi?"

"Niko barabarani. Nimempakata hapa. Amepona."

"Amepona?"

"Amepona kabisa."

Kilichosikika ni debe, na mtoto akiulizia jambo.

Walipofika giza lilikuwa bado halijakomaa. Majirani walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa boma na vinga vya moto na masufuria, wakipiga kelele, kila mmoja akirudi nyuma kidogo kila alipopiga. Kule shambani palikuwa na sauti kama ya vitenge vinavyoraruliwa, kimoja baada ya kingine, bila kukoma. Ndovu hawakugeuza hata sikio. Hao walikuwa watu waliowazoea miaka mingi.

Wakesho hakwenda mpakani. Aliingia ndani, akaiweka kompyuta mezani, akachomeka waya za kamera, ya spika, kisha ile nene. Mikono yake ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko alivyotarajia. Feni ikazunguka. Maandishi yakapita, yakapita, yakaisha, na madirisha mawili yakafunguka.

Iliwaona wote. Ilimchorea kila ndovu mraba wa kijani, mkubwa mraba mkubwa, mtoto mraba mdogo. Hakuna iliyemkosa. Pale palipokuwa mahindi ya Obadiah palikuwa na mabua machache yaliyoegemeana, na katikati yake ndovu mmoja alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya spika. Nguzo ikaenda upande. Nyuki wakalia mara moja, kwa sauti ya ajabu, wakiwa chini ardhini, halafu spika ikanyamaza chini ya mguu.

Lakini simu zililia. Zililia zote kwa pamoja: ya Wakesho kifuani, za majirani pale mpakani, na moja ndani ya nyumba ya Phoebe ambayo haikuwa ya Phoebe. Ilikuwa ya Obadiah. Alikuwa mwanachama wa kikundi, namba yake haikuwa imeondolewa, na mtu alikuwa ameendelea kuitia chaji. Phoebe alikuwa amesimama mlangoni akiisikiliza. Hakwenda kuipokea. Watoto walimtazama, naye akawa anautazama uwanja tu, mpaka ikajinyamazia.

Wakesho akavuka ua, akasimama kando yake. Akamshika mkono. Phoebe akauacha ushikwe.

"Kesho tutaokota yaliyoanguka," akasema Phoebe. "Mengine hawakanyagi."

"Tutaokota."

Ndipo simu ya Wakesho ikalia tena, na safari hii alikuwa Geoffrey, amefurahi, upepo umetulia nyuma yake.

"Nyanya! Ngui ameniambia imekubali! Umeshafika nyumbani? Imewaka?"

"Imewaka, mwanangu."

"Kamera zote mbili? Inaona?"

Wakesho akageuka akatazama dirisha lake kule ng'ambo ya ua. Mwanga wa kioo ulikuwa ukitikisika juu ya pazia, kijani.

"Inaona vizuri," akasema. "Wewe nenda ukale, usiku mwema."